Shajara ya mradi: kijitabu cha Vilém Heckel, mpiga picha wa milima na viwanda

Januari, wiki ya pili

Kazi imeanza. Ninaandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu Vilém Heckel, Mcheki aliyepiga picha za milima na za viwanda, aliyezaliwa mjini Plzeň tarehe 21 Mei 1918 na kufia chini ya mlima Huascarán, nchini Peru, tarehe 31 Mei 1970. Ninaowalenga ni vijana wanaoishi kwa kamera: wa harusi, wa magazeti, wa matangazo ya kampuni, wale wanaopanda daladala au matatu na begi la lenzi kifuani. Wakitaka kusoma maisha ya mpiga picha kwa lugha wanayoongea kutwa, hawana cha kushika. Wakisoma kwa lugha nyingine, majina ni yaleyale ya Wamarekani na Wafaransa. Ulaya ya Kati haitajwi, na ni huko ambako mtu mwenye wateja wa kuridhisha na kazi za kukabidhi kwa wakati aliweza kuacha picha ambazo watu wanazitazama hadi leo.

Niko Praha kwa ajira, kwa hiyo miji na milima ya Ucheki ninayoiandika ninaweza kuifikia kwa treni siku za mapumziko.

Uamuzi mmoja nauandika hapa mapema ili kazi ikikolea usinitoke mikononi. Kila anayemtaja Heckel huanzia Huascarán: tetemeko, barafu, wapanda milima waliofukiwa. Naelewa kwa nini. Kisa kile kinamkaba msomaji mara moja. Lakini kimemmeza mtu mzima. Anayekisikia anaondoka akijua alivyokufa na hajui alikuwa anafanya nini na mwanga. Kijitabu hiki kitaanzia kiwandani, kitapanda milimani, na Huascarán itakuja pale ilipokuja katika maisha yake, mwishoni, baada ya msomaji kumjua.

Januari, mwishoni

Suala la picha zenyewe. Sheria ya Ucheki, kama sheria za nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, inalinda kazi ya msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Heckel alifariki 1970. Picha zake zitakuwa huru kwa kila mtu tarehe 1 Januari 2041.

Kuomba kibali na kulipia picha kumi au kumi na tano kungemaliza bajeti yote kabla ya kufika kwa mchapaji. Nimechagua njia ngumu zaidi: kijitabu hakitakuwa na picha yake hata moja. Kila sura itabidi imweke msomaji mahali alipokuwa amesimama mpiga picha, imweleze mwanga unatoka wapi, kitu gani ni kizito, nini kinasogea, mkono unafanya nini kwenye kamera. Akimaliza kusoma, atazitafuta picha mwenyewe, na atazitazama kama mtu wa kazi.

Nimeshaona kwamba sharti hili linanisaidia. Picha ikiwepo ukurasani, mwandishi hulegea, anaandika "tazama uzuri huu" na kupita. Picha isipokuwepo lazima aeleze.

Februari

Sura ya Plzeň. Nimeiandika mara moja na haijahitaji kubadilishwa sana.

Heckel alizaliwa wakati Plzeň bado ni mji wa himaya ya Austria na Hungaria. Jamhuri ya Chekoslovakia ilitangazwa tarehe 28 Oktoba 1918, yeye akiwa na miezi mitano. Nchi na mtoto walikua pamoja. Na mji wenyewe ulikuwa mji wa chuma. Kiwanda kilichoufanya Plzeň ujulikane kilianzishwa 1859 na kabaila wa ukoo wa Waldstein, kisha 1869 mhandisi wake, Emil Škoda, akakinunua na kukipa jina lake. Humo zilitoka mizinga, mitambo ya viwanda vya sukari na vya bia, injini za treni, mashine za umeme. Ni kampuni hiyo iliyokinunua mwaka 1925 kiwanda cha magari cha Mladá Boleslav, na ndiyo maana magari ya huko yanabeba jina la Škoda hadi leo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki nimeongeza aya moja tu ya kumsogeza karibu. Nchi hii anaijua kwa miguu yake. Bata, ile ya viatu vya shule, ilianzishwa 1894 katika mji wa Zlín, upande wa mashariki wa Ucheki. Watu walewale waliojenga viwanda kwa matofali mekundu na madirisha makubwa, wakazivisha viatu shule nzima za Kenya na Tanganyika, ndio waliomlea Heckel. Kwao kiwanda ni sehemu ya mandhari ya nchi. Unafungua dirisha, unaona bomba la moshi na nyuma yake kilima.

Historia ya siasa nimeipitia haraka, kwa kadiri inavyogusa kazi yake. Machi 1939 Wajerumani waliikalia nchi, yeye akielekea miaka 21. Tarehe 25 Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha, ndege za Marekani zilikipiga mabomu kiwanda cha Škoda. Tarehe 6 Mei jeshi la Marekani likaingia Plzeň. Mwaka huohuo viwanda vikubwa vikataifishwa, na baada ya Februari 1948 Wakomunisti wakashika nchi yote. Kuanzia hapo mpiga picha wa viwanda alikuwa na mteja mmoja mkubwa, yaani dola na mashirika yake. Nchi ilitaka kuuza mashine na magari nje, na bidhaa haiuziki bila picha nzuri. Hapo ndipo riziki ya Heckel ilipokuwa.

Machi, mwanzoni

Sura ya kiwanda. Hii ndiyo sura iliyonifanya nianze mradi, na nataka iwe ndefu kuliko zote.

Ugumu wa kwanza wa kupiga picha ndani ya kiwanda cha chuma ni tofauti ya mwanga. Chuma cha pua kikiwa tayari kumiminwa kina joto la nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi, na kinawaka kwa weupe unaoumiza macho. Mita chache pembeni yake kuna nguzo, minyororo, winchi na watu walio katika giza zito. Filamu haiwezi kubeba vyote viwili. Ukipima mwanga kwa ajili ya chuma, watu wanapotea. Ukipima kwa ajili ya watu, chuma kinageuka doa jeupe lisilo na umbo.

Wapiga picha wa zama hizo walikuwa na dawa yao. Kamera inafungwa kwenye stendi imara, lenzi inaachwa wazi kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo mtu anazunguka na taa au balbu za flashi, anamulika nguzo hii, kisha ile, kisha ukuta wa nyuma, akijificha yeye mwenyewe asionekane. Balbu moja inawaka mara moja tu na kuungua. Sakafu nayo inatetemeka kwa sababu ya nyundo za mvuke na mitambo mizito, kwa hiyo unasubiri kipindi cha utulivu kati ya pigo na pigo. Chuma kinamiminwa pale kinapoiva. Hakuna atakayekizuia kwa sababu wewe hujawa tayari. Una nafasi moja kwa zamu, pengine mbili.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu naamini hapa ndipo jicho la Heckel liliponolewa. Mtu aliyezoea kukadiria kwa kichwa tofauti kati ya weupe mkali na giza, anayejua kusubiri dakika moja ambayo haitarudi, aliyejifunza kumweka binadamu mmoja mdogo kando ya kitu kikubwa ili ukubwa uonekane, huyo akipelekwa kwenye barafu ya mita elfu tano tayari ana nusu ya kazi mkononi. Wengi wanaigawa kazi yake mara mbili: milima ya moyo na viwanda vya mkate. Mimi naiona kazi moja.

Machi, katikati

Nimempigia simu mzee mmoja wa Morogoro aliyesomea uyeyushaji wa chuma mjini Ostrava miaka ya sabini. Nilitaka anisikilize nikimsomea kurasa za kiwanda, kwa kuwa mimi nimeziandika kutoka kwenye ujuzi wa kamera na yeye aliishi humo ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, soma, nina chai hapa."

Nikasoma mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanga umeuweka vizuri. Sasa weka vumbi. Hewa ya mle ina unga mweusi unaelea saa zote. Mlango mkubwa ukifunguliwa asubuhi, jua linaingia na unauona mwali wake mzima, kama kwenye jiko la kuni lenye paa lililotoboka. Mpiga picha asipoupiga mwali ule, huyo hakuingia kiwandani."

Nikamuuliza kuhusu watu. Je, walipenda kupigwa picha kazini?

"Walikuja wengi, wa magazeti. Wanamwambia mtu ashike mtarimbo, acheke. Sisi tunajua huyu anashika hivyo kwa ajili ya picha. Aliyekuwa hodari hasemi kitu. Anakaa pembeni mpaka mumsahau."

Aya ya vumbi imeingia kama alivyoisema. Na maneno yake ya mwisho nimeyatumia kuingilia mjadala ambao nilikuwa nautafutia mlango: picha za viwanda za miaka ya 1950 upande huu wa Ulaya nyingi ni za mabango, mfanyakazi katabasamu, kidevu juu, macho kwenye kesho. Heckel alifanya kazi ndani ya mfumo huo, kwa fedha ya mfumo huo. Ninachokipenda kwake ni kwamba uzito wa picha zake anauweka kwenye kitu chenyewe: mkunjo wa chuma, uso wa chuma kilichosuguliwa, ukubwa wa gurudumu. Mashine inaachwa iwe mashine. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo lililozifanya zisizeeke na kauli za wakati wake.

Machi, mwishoni

Nimekwenda Ostrava, ukingoni mwa nchi karibu na Poland. Mji huu uliitwa moyo wa chuma wa jamhuri. Kiwanda cha Vítkovice kilianzishwa 1828, kikafua chuma mpaka 1998, na sasa matanuru yake yamehifadhiwa kama urithi wa taifa. Nilichotaka ni kusimama ndani ya kitu cha ukubwa ule kabla ya kuendelea kukiandika.

Mgeni anapandishwa juu ya tanuru namba moja. Juu kabisa wameongeza mnara wa kioo na chuma, na wameupa jina la Bolt, kwa heshima ya Usain Bolt aliyekuja mara nyingi kukimbia kwenye mashindano ya mji huu. Ukiwa huko juu unaona mabomba mekundu kwa kutu yamepindana chini yako, na upeo wa macho ukiwa safi, upande wa kusini unaiona milima ya Beskydy. Nilipiga picha moja yenye vyote viwili, mabomba na milima, na kwa kufanya hivyo nikaelewa tatizo la kitaalamu nililokuwa nikilisoma tu: mabomba yana mistari mikali na milima iko kwenye ukungu wa mbali, na ukitaka vyote viwe wazi lazima ubane tundu la lenzi mpaka mwisho, uongeze muda, na uombe upepo usitikise stendi.

Aprili

Sura fupi, ya mipaka.

Mcheki wa miaka ya 1950 aliyependa milima alikuwa na nafasi ndogo ya kukanyaga. Sněžka, mlima mrefu kuliko yote ya Ucheki, una mita 1,603. Gerlach, kilele cha juu cha Tatra upande wa Slovakia, una mita 2,655. Kwa msomaji anayeiona Kilimanjaro yenye mita 5,895 akiwa anasubiri basi Moshi, hivyo ni vilima. Milima ya Alps iko jirani, lakini iko Austria, Uswisi, Italia na Ufaransa, ng'ambo ya waya wenye miba, na ruhusa ya kutoka ilikuwa adimu.

Kwa hiyo wapanda milima hawa walijifunza kazi kwenye mawe ya mchanga ya nyumbani, na majira ya baridi wakahamia Tatra, wakaijua Tatra ufa kwa ufa. Heckel naye alianzia hapo. Vitabu vyake vya picha za milima ya nyumbani vilipendwa sana na Wacheki na Waslovakia, na nadhani sababu ni kwamba milima midogo aliipiga kwa heshima ileile ambayo wengine waliwekea akiba Himalaya.

Nafasi ilipofunguka ilikuwa upande wa mashariki: kwanza milima ya Kaukazi, iliyokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, baadaye Hindu Kush, milima ya Afghanistan. Alikwenda kote huko na misafara ya wapanda milima wa Chekoslovakia.

Mei, mwanzoni

Kaukazi imenipa kiungo ambacho nimekifurahia, kwa sababu kinamleta msomaji wa Uganda na Kongo ndani ya kitabu bila kumvuta kwa nguvu. Kabla ya Heckel, mpiga picha mkubwa wa Kaukazi alikuwa Mwitaliano Vittorio Sella, aliyekwenda huko mara tatu, 1889, 1890 na 1896, akibeba vioo vizito badala ya filamu. Huyohuyo Sella mwaka 1906 alipanda Ruwenzori pamoja na msafara wa mwanamfalme wa Kiitaliano, Duke wa Abruzzi, na picha alizopiga huko ndizo zilizouonyesha ulimwengu vilele vile vinavyojificha mawinguni karibu mwaka mzima. Leo zinatumika hata kupimia barafu ya Ruwenzori imepungua kiasi gani.

Sella na Heckel hawakukutana kikazi. Sella alifariki 1943. Nimewaweka pamoja kwa sababu kuna jambo linalowatofautisha. Sella anautazama mlima kwa utulivu wa mpima ramani: upana wote, kila bonde mahali pake. Heckel yuko karibu na mwili wa mpandaji. Kamba, mgongo uliobeba mzigo, alama za viatu kwenye theluji zinazokuongoza macho mpaka kileleni. Mwanadamu yumo na ana kazi.

Mei, wiki ya tatu

Maelezo ya theluji, kwa vijana watakaopanda Kilimanjaro na kamera.

Kipima mwanga kinadhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye theluji, nacho kitakushauri uipige iwe kijivu. Ukikitii, picha inatoka chafu. Unaongeza mwanga hatua moja na nusu, wakati mwingine mbili, na theluji inarudi kuwa nyeupe. Ukizidisha hapo, chembe za theluji zinapotea na unabaki na karatasi tupu. Kwenye filamu ya rangi nyeusi na nyeupe unaweka kichujio cha njano au cha chungwa mbele ya lenzi, anga la buluu linakolea na mawingu yanajitokeza. Juu sana anga lenyewe limekwisha kukolea, na kichujio chekundu kitalifanya jeusi.

Halafu baridi. Filamu ikipoa sana inakakamaa na inaweza kukatika wakati wa kuivuta. Ukiizungusha kwa haraka kwenye hewa kavu inatoa cheche ndogo za umeme, na cheche hizo zinaacha michirizi juu ya picha, nawe hutaiona mpaka urudi nyumbani kwenye chumba cha giza. Kwa hiyo unazungusha polepole, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Ukiingia hemani, unaiacha kamera ndani ya mfuko wake, kwani ukiitoa kwenye joto la pumzi za watu lenzi inajaa maji, na asubuhi maji hayo ni barafu.

Wenzake kwenye kamba walibeba chakula, mahema na vifaa vya kupandia. Yeye alibeba vyake na kamera juu yake. Nimeirudia sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta namna ya kuipamba, na nimeiacha ilivyo.

Mei, mwishoni

Hruboskalsko, ndani ya eneo linaloitwa Paradiso ya Bohemia. Treni mpaka Turnov, kisha kwa miguu msituni. Minara ya mawe ya mchanga inasimama kati ya misonobari. Sheria za kuipanda ni kali: vyuma vya kubana kwenye nyufa haviruhusiwi kwa sababu vinalimega jiwe, unatumia mafundo ya kamba. Jiwe likiwa limelowa hakuna kupanda kabisa.

Katikati ya mawe hayo kuna makaburi ya mfano ya wapanda milima. Hakuna aliyezikwa pale. Kuna vibao vilivyobandikwa kwenye kuta za mwamba, majina na miaka na jina la mlima. Msafara wa Peru wa 1970 una kumbukumbu yake pale. Nilikaa kwa muda, mvua ya manyunyu ikaanza, na vijana wawili waliokuwa wakijiandaa kupanda karibu na hapo wakaanza kukunja kamba zao bila malalamiko. Nimewaingiza kwenye kitabu. Wanaonyesha kwa vitendo adabu ambayo kizazi cha Heckel kilirithishwa na kurithisha.

Juni

Sura ya Peru. Nimeichelewesha makusudi, na kuiandika kumenichosha.

Msafara uliondoka wakati mbaya na mzuri kwa pamoja. Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw, yakiongozwa na Umoja wa Kisovieti, yalikuwa yameivamia Chekoslovakia, na kufikia mwisho wa 1969 mipaka ilikuwa imefungwa tena kwa watu wa kawaida. Wachache waliopata ruhusa ya kwenda mpaka Andes walijua wamepata kitu ambacho huenda kisirudi. Miongoni mwao alikuwamo mwandishi wa habari Arnošt Černík, na Valerián Karoušek, mchongaji wa sanamu za chuma. Namuwaza Karoušek mara kwa mara: mtu aliyekifanya chuma kuwa sanamu na mtu aliyekipiga picha, hema moja karibu na jingine.

Lengo kubwa lilikuwa Huascarán, mlima mrefu kuliko yote ya Peru, mita 6,768 kwenye kilele cha kusini. Kambi kuu ilikuwa kwenye bonde la Llanganuco, lenye maziwa mawili ya kijani, kati ya Huascarán na Huandoy. Katika mwezi huohuo wa Mei msafara ulimpoteza mwenzao Ivan Bortel, aliyeanguka mlimani. Tarehe 21 Heckel alitimiza miaka 52.

Jumapili ya tarehe 31 Mei, saa tisa na dakika 23 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 7.9 lilipiga pwani ya Ancash, jimbo la Peru lenye mlima huo. Siku hiyohiyo Kombe la Dunia lilifunguliwa Meksiko, na watu wengi wa Peru walikuwa karibu na redio. Nchi zote mbili, Peru na Chekoslovakia, zilikuwa na timu kwenye kombe hilo. Tetemeko lilidumu chini ya dakika moja. Ukuta wa kilele cha kaskazini cha Huascarán ulimeguka, mwamba pamoja na barafu, ukashuka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa na kuufunika mji wa Yungay. Waliopona mjini ni waliokimbilia kilima cha makaburi, na watoto waliokuwa wamepelekwa kutazama sarakasi upande wa pili. Katika uwanja wa kati ilibaki miti minne ya jamii ya mitende imesimama. Katika eneo zima la Ancash walikufa watu wapatao 70,000.

Mmeguko mwingine uliporomoka upande wa Llanganuco. Watu wote 14 waliobaki wa msafara waliangamia kambini, pamoja na Mchile mmoja aliyekuwa nao.

Nimeandika Yungay kwanza na kambi baadaye, na nataka ibaki hivyo. Masimulizi mengi ya Ulaya yanaanza na Wacheki 14 na kuwataja watu wa Yungay kwa sentensi moja. Heckel katika misafara yake aliwapiga picha wenyeji wa milima kwa umakini uleule aliowapa wapandaji, wachungaji, wabeba mizigo, watoto. Kumwandika kwa kuwapunja watu wa Ancash ni kwenda kinyume na macho yake.

Serikali ya Peru ilitangaza Yungay ya zamani kuwa makaburi matakatifu, haichimbwi. Mlima na mabonde yake yakawa hifadhi ya taifa mwaka 1975, na 1985 yakaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Julai, mwanzoni

Mhariri wangu wa Dar amesoma rasimu yote na kunipigia.

"Kaka, Peru ipeleke mbele. Msomaji akifungua akute kishindo. Kiwanda kitamchosha."

Nikamwambia, "Dada, kishindo kinakuja. Lakini nataka kikija msomaji awe anampoteza mtu anayemjua."

Tulibishana kwa heshima na kwa muda mrefu. Yeye anajua soko kuliko mimi, na hoja yake kwamba kitabu kisichosomwa hakimsaidii marehemu ina uzito. Tumekubaliana hivi: mpangilio unabaki, ila sura ya kiwanda itafunguliwa moja kwa moja na dakika ya kumimina chuma, mpiga picha akiwa na balbu moja mkononi, na historia ya Plzeň itasogea nyuma yake. Nimejaribu kuihamisha na imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwali wa vumbi wa mzee wa Morogoro sasa uko kwenye ukurasa wa kwanza.

Julai, wiki ya mwisho

Yaliyobaki. Jedwali la miaka, ukurasa mmoja, kuanzia 1918 hadi 1970, na safu ya pili ya yaliyokuwa yakitokea nchini mwake. Ramani tatu za kuchorwa kwa mkono: Plzeň na Ostrava, Tatra, bonde la Llanganuco. Jalada litakuwa la maandishi tu, rangi mbili. Kurasa za kiwanda nitazisoma kwa sauti mbele ya wapiga picha wachache wa hapa Praha wanaoongea Kiswahili, na kila watakapokosa kuona mwanga unatoka upande gani, aya hiyo itaandikwa upya kabla ya kwenda kwa mchapaji mwezi Septemba.